Ile sare ya Mbarara: tumefungua karatasi ya mchezo wetu



Tangu turudi Mbarara, wengi wenu mmetuuliza swali moja: "Mlishinda ao mlishindwa?" Tukijibu "sare, mbili kwa mbili", watu wananyamaza. Sare haina shangwe. Mtu akisikia sare anaona kama hakuna kilichotokea, tumekula nauli bure.

Na kuna neno lingine tulilorudi nalo. Pale ukumbini mtu mzima mmoja alisema, kwa Kiingereza, akidhani hatusikii, kwamba yule kijana wao wa ubao wa nne alituonea huruma. Eti pointi nusu tulipewa. Hatukumjibu, maana ni mkubwa na tulikuwa wageni. Lakini njia nzima ya kurudi Nakivale hakuna aliyeongea vizuri ndani ya gari.

Basi Jumamosi iliyofuata tulikaa chini ya mti na ubao, tukafungua karatasi ya huo mchezo, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Tulitaka kujua jambo moja: tulipewa, ao tulichukua? Haya ndiyo tuliyokuta. Wale wasiocheza chesi msikimbie, tutaeleza polepole.

Karatasi yenyewe

Aliyekaa kwenye kiti ni mdogo wetu, anasoma S2. Jina hatuandiki, mwenyewe kakataa. Lakini tunasema "tulicheza" kwa sababu kila alichofanya siku ile tulikizoeza wote, na kila mmoja wetu alikuwa nyuma ya kamba anakosa pumzi.

Kwenye chesi kila chumba cha ubao kina jina. Safu za wima ni a mpaka h, za mlalo ni 1 mpaka 8. Mchezaji anaandika kila hatua, yake na ya mwenzake. Ukifika nyumbani unaweza kuucheza tena mchezo mzima kama ulivyokuwa.

Sasa, mdogo wetu alifundishwa na mzee mmoja Mrundi hapa kambini, kwa hiyo anaandika kwa herufi za Kifaransa. Kwa Kifaransa mfalme ni *roi*, anaandikwa R. Kwa Kiingereza R ni *rook*, yaani ngome. Na yule ambaye kwa Kiingereza ni askofu, kwa Kifaransa anaitwa *fou*, neno ambalo maana yake ni mwendawazimu. Fikiria ubao mmoja, huyu anamuona askofu, yule anamuona kichaa.

Mchezo ulipoisha, mwalimu mmoja wa upande wa pili alichukua karatasi yetu akakuta mwishoni R, R, R, R. Akauliza: "Ngome zilishatoka zote. Hizi ngome zimetoka wapi?" Akataka karatasi isikubaliwe. Mwamuzi akamweleza kuwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinamruhusu mchezaji kutumia herufi za lugha yake. Zile R zilikuwa ni mfalme wetu anatembea.

Kuna jambo lingine la hiyo karatasi. Muda ulikuwa saa moja kwa kila mchezaji, bila nyongeza. Kwa muda wa namna hiyo, sheria inasema ukibakiwa na chini ya dakika tano si lazima uendelee kuandika. Sisi tulibaki na dakika nne, na mdogo wetu hakuacha kalamu. Kijana wa pili yeye alitazama ile saa yetu, naye akapunguza kuandika, karatasi yake imeishia hatua ya 51. Kwa hiyo mwisho wa huu mchezo uko kwenye karatasi moja tu duniani, na ni hii yetu. Bila hiyo, leo tungekuwa na maneno ya mtu mzima dhidi ya maneno yetu, na sisi wakimbizi tunajua maneno yetu peke yake yana uzito gani.

Pioni tuliyoitoa sisi wenyewe

Sisi tulikuwa weusi. Mwanzo ulikuwa ule wa Waitaliano: nyeupe anatoa pioni e4, sisi e5, farasi anatoka f3, wetu c6, askofu wake anakwenda c4, farasi wetu wa pili f6. Hapo kijana akaruka na farasi mpaka g5, anatazama f7, ule upande mlaini karibu na mfalme wetu.

Wachezaji wa shule wanaupenda sana mwendo huu. Ukijibu kwa pupa, ukamziba kwa d5 na baada ya yeye kula, ukarudisha kwa farasi, anakutolea farasi wake f7, anamvuta mfalme wako katikati ya ubao, halafu malkia anaingia f3 na cheki. Kwa Kiingereza wanaita "ini la kukaanga". Jina linatosha.

Sisi hatukurudisha ile pioni. Alipokula d5, farasi wetu alikwenda pembeni a5 kumfukuza askofu. Akatoa cheki b5, tukaziba kwa c6, akala, tukala. Ukihesabu hapo, nyeupe ana pioni saba, sisi sita. Aliyekuwa nyuma ya kamba akahesabu haraka haraka atasema tumeshaanza kuumia. Lakini tulipata kitu badala yake. Askofu wake alirudi nyuma e2, tukamfukuza farasi wake kwa h6, akarudi f3, tukasukuma e4, farasi akaruka tena e5. Hesabu: kete zake mbili tu ndizo zimetembea mara saba, na pioni ilikula mara mbili. Nyumba yake yote bado imelala.

Hayo ndiyo makubaliano ya mwendo huu, na vitabu vimeujua kwa muda mrefu: mweusi anatoa pioni, anachukua muda. Andika basi hapa: ile pioni moja tuliyokuwa pungufu mpaka mwisho wa mchezo tuliitoa kwa mkono wetu, mapema, tukijua.

Jozi sita

Katikati ya mchezo hatutakaa sana. Kijana alicheza vizuri, kwa kweli. Alipumua, akatoa kete zake, akazuia mashambulizi yetu moja moja. Malkia wakabadilishana, maaskofu na farasi wakatoka, na yeye akabaki na pioni yake ya ziada.

Tulipofungua sehemu hii, mmoja wetu aliuliza: sasa mpango wetu ulikuwa nini? Ukifuata karatasi utauona. Kuanzia hatua ya 30 hivi, kila nafasi iliyopatikana ya kubadilishana pioni kwa pioni, tuliichukua. Hii ni hesabu ya aliye nyuma: ukipungukiwa pioni, toa pioni, kwa sababu mwenzako anahitaji pioni ifike mwisho igeuke malkia. Saba kwa sita ana njia nyingi. Moja kwa sifuri ana njia moja tu, na kwenye njia moja unaweza kusimama mlangoni.

Zikatoka jozi sita. Ilipofika hatua ya 51 ubao ulikuwa hivi: nyeupe, mfalme d4, pioni d5, ngome moja. Sisi, mfalme d7, ngome c8. Saa yake dakika kumi na moja, yetu dakika nne.

Hatua ya 52

Hapo kijana akaleta ngome c5, inalindwa na mfalme wake, inaitazama ngome yetu. Yaani anasema: tubadilishane.

Ukitaka kufungua mchezo vizuri, kabla ya kuuliza "sisi tulifanya nini" uliza "yeye alitaka nini". Alitaka nini? Kanuni inayofundishwa mashuleni inasema ukizidi pioni, badilisha kete kubwa, halafu pioni yako itatembea yenyewe. Ni kanuni nzuri. Yeye aliifuata. Tena aliona saa yetu, akafikiri mtu mwenye dakika nne ataogopa kubaki mfalme peke yake.

Tungeweza kukataa. Tulijaribu chini ya mti: ngome zikibaki, bado mfalme wetu amekaa mbele ya pioni, na bado mtu anaweza kujitetea. Lakini ngome ina hatua nyingi za kuchagua, na kila kuchagua kunakula sekunde. Kwa dakika nne dhidi ya kumi na moja, huko ndiko kulikuwa na hatari. Mfalme peke yake ana vyumba vichache, na hivyo vichache tulikuwa tumevizoeza sana, jioni baada ya jioni, kwa ubao wa karatasi na vifuniko vya chupa.

Tukala ngome. Akala kwa mfalme. Mfalme mmoja, mfalme mmoja, pioni moja.

Kutazamana

Sisi tunakiita kutazamana. Wafalme wawili hawaruhusiwi kugusana. Wakisimama kwenye mstari mmoja, chumba kimoja katikati, hakuna anayeweza kusogea mbele. Basi mwenye zamu ndiye anayelazimika kupisha. Hapo kuwa na zamu ni mzigo. Siri yote ya mchezo wa mfalme na pioni ni kupanga hesabu ili mkitazamana, zamu iwe ya mwenzako.

Tazama sasa. Mfalme wake c5, pioni d5, wetu d7, zamu yetu. Vyumba vitano viko wazi: c7, c8, d8, e7, e8. Tulijaribu vyote. Vinne vinapoteza mchezo. Kimoja, c7, kinaokoa, kwa sababu hapo wanatazamana c5 na c7 na zamu ni ya nyeupe. Mdogo wetu alikwenda c7.

Pioni ikasogea d6, cheki. Tukarudi d7. Mfalme wake akaja d5. Hapa ndipo ilipokaa roho ya mchezo. Mfalme wetu anaweza kwenda c8, d8 ao e8. Mkono wa mtu asiyejua unavutwa pembeni, kwa sababu pembeni inaonekana kama unamkwepa. Ukienda c8, anaingia c6. Ukienda e8, anaingia e6. Na popote hapo zamu ni yako na pioni inapita. Ni d8 tu, kurudi nyuma wima, moja kwa moja. Tulitumia dakika moja na nusu kati ya zile chache. Tukaenda d8.

Akajaribu kushoto, c6. Tukatazamana naye, c8. Akarudi d5 ili kubadilisha hesabu ya zamu. Tukarudi d7. Akangoja kidogo e5, ili zamu ituangukie. Tukarudi d8, wima tena. Akajaribu kulia, e6. Tukatazamana naye, e8. Pioni d7, cheki. Mfalme wetu d8, mbele ya pioni. Hatua ya 61, mfalme wake d6, na hapo ikaisha: mfalme wetu hajashambuliwa, lakini hana chumba hata kimoja cha kwenda. Kwa sheria ya leo hiyo ni sare.

Tunasema sheria ya leo kwa sababu haikuwa hivyo siku zote. Huko Uingereza zamani, karne ya 17 na ya 18, aliyefungwa namna hiyo ndiye alihesabiwa mshindi. Walioona aibu ni wale waliomfunga bila kumshinda. Wakati mdogo wetu alipoambiwa hivyo alicheka: "Kumbe nilizaliwa nimechelewa."

Zile sifuri

Tulipomaliza kwa macho yetu ndipo tukafungua simu. Lichess ni ya bure, na ndani yake kuna Stockfish, programu inayocheza kuliko binadamu yeyote. Tulisubiri kwanza kwa makusudi, maana ukiuliza simu mapema akili inalala.

Tukaingiza hatua zote. Toka hatua ya 53 mpaka ya 60, kila mahali simu ikaandika 0.0. Sifuri, sifuri, sifuri. Mmoja akasema, "Si unaona? Hata simu inasema hakuna kitu."

Tukarudi kwenye karatasi tukahesabu kwa namna nyingine. Kwa kila hatua yetu tuliuliza: ni vyumba vingapi vilivyokuwa vinalinda ile sifuri? Jibu ni hili. Tulikuwa na hatua nane. Mbili kati ya hizo zilikuwa na milango miwili. Sita zilikuwa na mlango mmoja tu. Mara sita, kosa la chumba kimoja lingefanya simu iandike kitu kingine kabisa. Ile 0.0 inakuambia jumla. Haikuambii jasho.

Na lile swali la kwanza, tulipewa? Karatasi inajibu. Mtu mwenye huruma, mwenye dakika kumi na moja na pioni ya ziada, angenyosha mkono hatua ya 52 aseme tuwe sare. Huyu alijaribu kushoto, akangoja ili atupe zamu, akajaribu kulia. Mitego mitatu. Anayehurumia hategi mitego mitatu. Kijana alipigana mpaka chumba cha mwisho, na mwisho wake akampa mdogo wetu mkono akasema "webare". Kumwambia kuwa alituhurumia ni kumkosea heshima yeye pia.

Filamu na foleni

Watoto wengi wa hapa wameanza chesi kwa sababu ya *Queen of Katwe*, filamu ya 2016 juu ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende mpaka akaichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Sisi pia tunaipenda. Tunajua pia kwamba Kakuma, Kenya, toka 2021 kuna mpango wa FIDE na UNHCR wa kufundisha chesi wakimbizi, hasa wasichana. Ni mambo mazuri. Lakini mtoto akitoka kwenye filamu anataka kombe. Hakuna filamu ya mtu aliyerudi d8 mara mbili. Ndiyo maana tunaandika hii.

Kuna wanaosema chesi ni sawa na maisha ya mkimbizi: unangoja, unavumilia, siku moja unafika. Sisi hilo hatulikubali hivi hivi. Kwenye ubao wote wawili mnaona kete zote. Unajua zamu ni ya nani. Ukirudi nyuma wima, unajua kwa nini, na unaweza kuhesabu. Kwenye foleni ya faili zetu hatuoni ubao, hatujui nani ana zamu, na mwaka 2023 mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi, wengi walijikuta nje ya kundi bila kujua walisogeza kete gani. Huo si mchezo wa kutazamana. Mtu asiwafundishe watoto kwamba kungoja kokote ni hekima.

Tunachochukua kwenye ubao ni kidogo zaidi, na kinatutosha. Kuna kushikilia ambako ni kazi, kunahesabika, na kunaandikwa. Mama mmoja jirani yetu, hajui chesi hata kidogo, alitusikiliza tukieleza milango sita, akasema: "Basi huyo mtoto hakukaa bure." Ndiyo. Hiyo tu.

Kwa wenzetu wa Juru na Rubondo

Kama mna kikundi, mfanye hivi. Andikeni kila hatua, hata mkibanwa na saa, hata kwa herufi za Kifaransa. Mchezo ukiisha msiufute. Ufungueni wote pamoja: kwanza ulizeni mwenzenu alitaka nini, halafu tafuteni vyumba vyote vilivyokuwa wazi, halafu simu iwe ya mwisho. Na mkiona 0.0 hesabuni milango.

Tumewaachia zoezi. Wekeni mfalme mweupe c5, pioni nyeupe d5, mfalme mweusi d7, zamu ya mweusi. Mdogo akae kwa weusi, mkubwa kwa weupe, halafu mbadilishane. Kama hamna kete, vifuniko vya chupa vinatosha. Anayeweza kuishikilia sare mara tatu mfululizo aandike hapa chini, atuambie ilimchukua jioni ngapi. Sisi ilituchukua nyingi.